Je, wajua kwa nini katika jaribio la dawa mgonjwa mmoja hupakwa dawa kwenye kidonda kimoja na jeli tupu kwenye kingine?

Wapo watu ambao ngozi yao hutoka malengelenge kwa msuguano mdogo tu: mshono wa nguo, kamba ya kiatu, hata kushikwa mkono kwa nguvu. Ugonjwa huo wa kurithi huitwa epidermolisisi bulosa. Katika aina yake ya distrofiki, hitilafu iko kwenye jeni ya COL7A1, inayouelekeza mwili kutengeneza kolajeni namba 7. Kolajeni hiyo ndiyo hushikiza ngozi ya juu kwenye ya chini. Ikipungua, tabaka hizo huachana.

Mwishoni mwa 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Vyjuvek, jeli yenye virusi vya herpesi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana na kubebeshwa jeni hiyo ikiwa nzima. Hudondoshwa juu ya kidonda tone kwa tone, mara moja kwa wiki, kisha hufunikwa kwa bandeji.

Washiriki walikuwa 31 tu. Unaweza kusema ni wachache mno, lakini kwa kila mmoja vilichaguliwa vidonda viwili vinavyolingana kwa ukubwa, mahali na mwonekano. Kura ikaamua kipi kipate dawa na kipi jeli tupu, bila mgonjwa wala daktari kujua.

Sababu ni kwamba vidonda hivi vina tabia ya kufunga na kufunguka vyenyewe, na wagonjwa hawafanani: huyu ni mtoto, yule ni mtu mzima, mwingine ana upungufu wa damu. Vidonda viwili vya mtu yuleyule vina damu moja, lishe moja, umri mmoja. Baada ya miezi 6, asilimia 67 ya vidonda vilivyopakwa dawa vilikuwa vimepona kabisa, na vya jeli tupu asilimia 22. Kwangu mimi, hiyo 22 ndiyo namba yenye uzito zaidi, maana bila kidonda cha pili dawa ingepewa sifa zote.

Mbinu hii inafaa pale tu dawa inapobaki ilipopakwa. Ikipenya kwenye damu na kukifikia kidonda cha pili, ulinganisho umeharibika. Filsuvez, jeli nyingine ya ugonjwa huu itokanayo na gome la mti wa betula, ilipimwa kwa kulinganisha mtu na mtu, ikahitaji washiriki 223.

Marekani iliidhinisha zote mbili mwaka 2023. Jeni inayoletwa na Vyjuvek haijipachiki kwenye kromosomu za mgonjwa, na seli za ngozi hufa zikazaliwa nyingine, kwa hiyo kidonda kikifunguka tena, hupakwa upya.