Mizigo Miwili, Kamba Moja na Kapi: Dhana Potofu na Ukweli

Mwanafunzi wa kidato cha tano mjini Kigoma anayekutana na swali la mizigo miwili iliyounganishwa kwa kamba inayopita juu ya kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, mara nyingi huwa tayari anazijua kanuni za Newton, na bado hukosa jibu. Hesabu yenyewe ni nyepesi, kwani haizidi milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana. Kinachomwangusha ni imani aliyoingia nayo kabla ya kushika kalamu, na imani iliyo sugu kuliko zote inahusu mkazo wa kamba, yaani kani (nguvu) ambayo kamba huuvutia mzigo.

Wengi huamini kwamba mkazo wa kamba ni sawa na uzito wa mzigo unaoning'inia. Tuchukue mzigo wa kilo 3 upande mmoja na wa kilo 2 upande wa pili, kamba ikiwa nyepesi na isiyorefuka, na kapi likiwa jepesi lisilo na msuguano. Kwa mchapuko (kiasi ambacho mwendo hubadilika kila sekunde) wa graviti wa 9.8 m/s², mzigo wa kwanza una uzito wa nyutoni 29.4 na wa pili nyutoni 19.6. Kama mkazo ungekuwa nyutoni 29.4, kani mbili zinazoukabili mzigo wa kilo 3 zingelingana, na mzigo huo, ukiachiwa kutoka katika utulivu, usingesogea kamwe. Lakini sote tunajua kwamba utashuka. Kama ungekuwa nyutoni 19.6, mzigo mwepesi ndio ungekataa kupanda. Kwa hiyo mkazo lazima uwe kati ya thamani hizo mbili, na mwanafunzi anaweza kulijua hilo kabla hajaandika mlinganyo wowote.

Hesabu inathibitisha. Kani inayouendesha mfumo mzima ni tofauti ya nyutoni 9.8, nayo inasukuma jumla ya kilo 5, hivyo mchapuko ni 1.96 m/s². Mzigo mzito unatoa mkazo wa 3 × (9.8 − 1.96), yaani nyutoni 23.52, na mwepesi unatoa 2 × (9.8 + 1.96), ambayo ni nyutoni 23.52 vilevile. Majibu ya pande zote mbili yakikubaliana, kazi imekwenda sawa. Yakipishana, kuna alama ya kutoa au kujumlisha iliyokosewa, na ni vema itafutwe palepale kabla ya kwenda swali linalofuata.

Hapo hapo inaanguka dhana nyingine, kwamba ekseli ya kapi hubeba uzito wote wa mizigo miwili. Mizigo ikiwa katika mwendo, ekseli hubeba mikazo miwili, yaani nyutoni 47.04, wakati jumla ya uzito ni nyutoni 49. Ukiizuia mizigo kwa kuushika ule mzito kwa mkono, hesabu inabadilika tena, kwa sababu mkazo unashuka hadi nyutoni 19.6.

Mwingereza George Atwood, aliyekieleza kifaa cha aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1784, alikusudia jambo hilo hasa: kuufanya mwendo wa kuanguka uwe wa polepole kiasi cha kupimika. Ndiyo maana jibu linaloonyesha mzigo mzito ukishuka kwa 9.8 m/s² halina budi kutiliwa shaka, maana huo ni mwendo wa mzigo uliokatika kamba. Ama kuhusu kutumia 9.8 au 10, hilo halina uzito mkubwa. Thamani halisi hapa Kigoma, karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari, ni takriban 9.78 m/s², na hakuna aliyewahi kukosa swali kwa sababu hiyo.

Wapo pia wanaodhani kwamba mzigo ukiwa unasogea, basi lazima mkazo utofautiane na uzito. Winchi bandarini inaposhusha shehena kwa mwendo usiobadilika, mkazo wa kamba unalingana kabisa na uzito wa shehena. Kinachouondoa mkazo kwenye usawa huo ni mchapuko, si mwendo.

Dhana inayonisikitisha zaidi, kwa sababu hata wanafunzi hodari huiangukia, ni kwamba kuvuta kamba kwa kani ya nyutoni 9.8 ni sawa na kuning'iniza mzigo wenye uzito huohuo. Weka kitu cha kilo 4 juu ya meza laini isiyo na msuguano, upitishe kamba juu ya kapi lililo ukingoni. Ukivuta kwa mkono kwa nyutoni 9.8, kitu kinapata mchapuko wa 2.45 m/s². Ukining'iniza mzigo wa kilo 1 badala ya mkono, mchapuko unakuwa 1.96 m/s² tu, kwa sababu uzito huo sasa unaendesha kilo 5, ukiwamo mzigo wenyewe, na mkazo unabaki nyutoni 7.84.

Sasa iongezee meza hiyo msuguano wenye kizigeu cha 0.3, yaani msuguano usiozidi 0.3 ya uzito wa kitu kilicho mezani. Mwanafunzi anazidisha 0.3 kwa nyutoni 39.2 za uzito wa kitu, anapata 11.76, anaitoa kwenye 9.8, na kuandika mchapuko hasi, kana kwamba kitu kitarudi nyuma kikiupandisha mzigo. Nyutoni 11.76 ni kikomo cha msuguano, si kiasi chake cha kila wakati. Kwa kuwa mvuto ni nyutoni 9.8 tu, kitu kinatulia, na msuguano nao ni nyutoni 9.8.

Mkazo kuwa uleule pande zote mbili za kapi ni kweli pale tu kapi linapochukuliwa kuwa jepesi na laini. Kapi la umbo la sahani lenye kilo 2, ambalo kamba haitelezi juu yake, huongeza kilo 1 kwenye jumla inayochapushwa. Mchapuko wa mizigo yetu ya kwanza unashuka hadi 1.63 m/s², na mikazo inakuwa nyutoni 24.5 upande mzito na nyutoni 22.87 upande mwepesi.

Vibarua wanaopandisha ndoo ya zege ghorofani kwa kapi moja lililofungwa juu hawapunguziwi kani inayohitajika. Wanapata nafuu ya kuvuta kuelekea chini. Kapi likifungwa kwenye ndoo yenyewe, kani inakaribia nusu, lakini kamba ya mita 2 inavutwa ili ndoo ipande mita 1. Katika swali la namna hiyo, kuandika mchapuko mmoja kwa pande zote ni kosa, kwani mchapuko wa ncha inayovutwa ni mara mbili ya ule wa ndoo.