Ute haujaisha: maneno machache juu ya goti

Kabla hata sijamgusa mgonjwa goti, najua ataniambia nini: "Daktari, ute umeisha." Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, lakini hilo nimeshachoka kulisahihisha. Ninachoendelea kusahihisha ni habari ya ute, yale majimaji mazito yanayolainisha kiungo kwa ndani. Mtu akiamini goti lake limekauka kama gia isiyo na grisi, atalitunza kwa kutolitumia. Atakaa. Na kukaa ndiko kunakolimaliza.

Gegedu, ule ulaini unaofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Chakula chake kimo ndani ya ute, nao huipenya gegedu inapobanwa na kuachiwa, kama dodoki linalokamuliwa ndani ya maji. Ukitembea, unailisha. Tena goti linalovimba mara nyingi lina ute uliozidi. Kwenye eksirei mifupa huonekana imekaribiana, sawa, ila eksirei haipigi picha maumivu. Nina mama ambaye picha zake zinatisha na bado anashuka na ndizi hadi sokoni, na kijana ambaye picha yake ni safi na hawezi kuchuchumaa.

Jambo jingine ni jina. Hapa Moshi kila kiungo kinachouma huitwa baridi yabisi, na humo ndani kuna magonjwa yasiyofanana hata kidogo. Goti lililochakaa hukaza asubuhi kwa dakika chache, halafu hulegea ukishazunguka nyumbani. Baridi yabisi yenyewe, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo, hukamata vidole vya mikono yote miwili na kuvikaza kwa saa nzima au zaidi. Mwenye ugonjwa huo asisubiri, maana kiungo kikishaharibika hakirudi. Jongo nalo huja usiku mmoja, mara nyingi kwenye dole gumba la mguu, hata shuka likikugusa unapiga kelele. Watafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, na wa Chuo Kikuu cha Glasgow cha Uskoti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai kutafuta wenye maradhi ya viungo, hawakuishia kuuliza nani anaumwa; waliwapima watu viungo kimoja baada ya kingine. Ningependa kila zahanati ifanye hivyo kabla ya kutoa sindano.

Turudi kwenye goti. Mwaka 2013 wataalamu wa Denmark walianzisha programu iitwayo GLA:D: masomo mawili ya kuuelewa ugonjwa, kisha mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Haina mashine za ajabu. Imeenea hadi Kanada na Australia, na mengi yaliyomo nayafanya kwa kiti cha plastiki. Kaa, kunja mikono kifuani, simama polepole, kaa polepole zaidi. Anza mara 5, ufike 10, kisha rudia. Paja likipata nguvu, goti linapumzika.

"Lakini linauma nikifanya!" Litauma, naam. Kanuni ninayoitumia ni hii: ukipima maumivu kwa alama 10, yasipite 5, na kufikia kesho yake yawe yamerudi yalivyokuwa. Yasiporudi, punguza, usiache.

Uzito nausema kwa heshima, maana hakuna anayependa kuambiwa. Utafiti wa North Carolina wa mwaka 2005, kwa watu wanene wenye magoti mabovu, ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Hesabu hatua za siku moja tu.

Mkongojo ushikwe mkono wa upande usiouma. Wengi huushika kinyume. Ukipanda ngazi tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza unaouma. Jikoni tafuta kigoda kirefu. Anayeswali akae kwenye kiti, dini imemruhusu; nina mzee aliyekataa miaka miwili kwa aibu tu.

Dawa si fani yangu, ila yanayoletwa kwenye kliniki yananilazimu kusema. Diklofenaki (dawa ya kutuliza maumivu) ya kila siku, ya kununua mwenyewe dukani, huchoma tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mwenye presha. Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa kama lishe ya gegedu, ni ghali, na utafiti wa Marekani wa mwaka 2006 uliohusisha watu 1,583 haukuona, kwa wagonjwa wote kwa jumla, kwamba vinashinda vidonge visivyo na dawa. Unga wa "mitishamba" unaoondoa maumivu yote kwa siku mbili unanitia shaka: umewahi kukutwa, katika nchi mbalimbali, umechanganywa na steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe. Na aliyeandikiwa dawa ya methotreksati kwa baridi yabisi ajue humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Andika siku yenyewe juu ya boksi, kwa herufi kubwa, na mwambie mtu wa nyumbani.

Goti moja likivimba ghafla, likawa la moto, na homa ikapanda, usije kwangu na usifanye zoezi lolote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili.