Mwenye wasiwasi hakukosa umakini

"Mtoto ana uwezo ila hana umakini." Sentensi hii imejaa kwenye ripoti za shule, na siku hizi naisikia hata watu wazima wenye wasiwasi wakibandikwa: eti hawana umakini, akili zinatangatanga tu. Tusimame hapo kidogo.

Hulka ya wasiwasi ni mazoea ya mtu kuona hatari upesi na kuhofia yasiyotokea bado. Moyo kudunda kabla ya usaili ni kitu kingine. Huo ni wasiwasi wa muda, unapita. Ndiyo maana dodoso la kupima wasiwasi la mwanasaikolojia Charles Spielberger la mwaka 1970 lina vipengele 20 vya unavyojisikia sasa hivi na vingine 20 vya unavyojisikia kwa kawaida. Akili kutangatanga nako ni mawazo kuiacha kazi iliyo mbele yako. Hilo letu sote. Watafiti Killingsworth na Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwauliza watu wazima 2,250 kupitia simu zao. Kwa matokeo ya 2010, karibu nusu ya nyakati walizoulizwa fikra zilikuwa kwingine.

Sasa kinachoniudhi. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Michael Eysenck na wenzake walieleza kwamba umakini huongozwa na lengo ulilojiwekea, na pia huvutwa na chochote kinachojitokeza, hasa kinachotisha. Wasiwasi huupa nguvu huo mvuto wa pili. Kwa hiyo umakini upo, tena mwingi, ila umeng'ang'ania "je, nikifeli?" Kilicholegea ni udhibiti wake.

Tena hao hao walitofautisha matokeo na gharama yake. Chukua watahiniwa wawili waliopata 72. Mmoja alisoma swali, akajibu. Mwenzake alifika katikati ya swali, akakumbuka ada ambayo haijalipwa, akarudi mwanzo, akafika pale pale, akarudi tena. Alama haionyeshi jasho hilo, na ndilo wasiwasi huanza kuongeza kabla haujashusha alama.

(Anayeamua mwenyewe kuota mchana kwenye kikao kirefu simzungumzii hapa. Mawazo yanayoandamana na wasiwasi ni yale yanayokuja bila kuitwa.)

Basi mwalimu wangu, ukimwona mwanafunzi anarudia mstari ule ule huku amekunja uso, andika hivyo hivyo: "Anarudia swali mara nyingi kabla ya kujibu." Mzazi atajua pa kuanzia kumuuliza.