Kuandaa Uwindaji kwa Watu Wenye Ulemavu: Kazi Kubwa Iko Kabla ya Siku Yenyewe

Wanaonijia wakitaka kuandaa safari ya uwindaji kwa wanajamii wenye ulemavu huanza, karibu wote, na swali la vifaa: wanunue kiti cha kutembelea chenye minyororo badala ya magurudumu, cha kupitia matopeni, au stendi ya kushikilia bunduki? Mimi huwarudisha nyuma kidogo, kwa sababu kifaa huchaguliwa baada ya kumjua mwindaji, na mwindaji hajulikani kwa jina la ulemavu wake. Kati ya watu wawili walioumia uti wa mgongo, mmoja anaweza kuwa na nguvu zote za mikono na mwingine asiweze kukunja kidole. Kwa hiyo mapema, kabla ya msimu kufunguliwa, ninazungumza na kila mshiriki mwenyewe, bila ndugu kumsemea, nikimuuliza anachoweza, anachotaka kukifanya kwa mikono yake na anachohitaji kusaidiwa.

Katika mazungumzo hayo ndimo yanamojitokeza mambo ya mwili ambayo waandaaji wengi huona haya kuyauliza. Aliyeumia uti wa mgongo kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake anaweza kupatwa na shinikizo la damu linalopanda ghafla na kuhatarisha maisha, na mara nyingi kinacholichochea ni kitu kidogo: kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo uliojikunja, au mkanda unaobana. Kichwa huuma vikali, uso huwa mwekundu na jasho hutoka. Msaidizi sharti ajue kumketisha wima, kulegeza nguo, kukagua mpira na, hali isipotulia, kutafuta daktari mara moja. Mtu huyohuyo huenda asihisi baridi miguuni, wala misuli yake isitetemeke ili kumpasha joto, hivyo kusubiri alalamike ni kuchelewa. Na mifuko ya kupasha joto haiwekwi moja kwa moja kwenye ngozi isiyohisi, kwa kuwa ngozi hiyo itaungua bila yeye kujua. Tena anatakiwa kuinuka au kuegemea upande kila baada ya dakika 15 hadi 30 ili kuepuka vidonda vya mgandamizo. Wapo wanaonung'unika kwamba mjongeo huo utamshtua mnyama. Na umshtue, kidonda cha namna hiyo huweza kumlaza mtu kwa miezi.

Kificho nacho, yaani kibanda anamojificha mwindaji akimsubiri mnyama, kinahitaji kufikiriwa upya. Viwango vya majengo vya Marekani, ambavyo mimi huvitumia hata porini, vinataka mlango wenye uwazi wa sentimita 81, nafasi ya kugeuzia kiti yenye kipenyo cha sentimita 152, na mteremko wa ubao wa kupandia usiozidi 1 kwa 12. Dirisha liwe usawa wa macho ya mtu aliyeketi katika kiti chake, jambo ambalo huthibitishwa kwa kuketi humo na kuangalia, si kwa kukadiria. Njia ya kufikia hapo ikaguliwe baada ya mvua. Kisha kuna upepo, ambao kwa maoni yangu ndio unaowaumbua waandaaji wengi: mwindaji anayetembea huhama upepo unapogeuka na kupeleka harufu yake kwa mnyama, lakini aliye kwenye kiti hawezi kuhama upesi wala kimyakimya. Heri kuandaa vificho viwili vinavyofaa kwa pepo mbili tofauti, na kuchagua alfajiri ya siku hiyo.

Kuhusu kupiga, vifaa vipo vya kila namna, kuanzia stendi ya kawaida hadi kifyatulio kinachoendeshwa kwa pumzi kupitia mrija. Asiyeona huelekezwa na msaidizi anayetazama juu ya bega lake, au kupitia kamera iliyofungwa kwenye darubini ya bunduki. Sheria hutofautiana: jimboni Wisconsin, Marekani, kwa mfano, vipo vibali vinavyomruhusu mwenye ulemavu kupiga akiwa ndani ya gari lililosimama, na kuna daraja la pekee la kibali kwa wasioona vizuri. Vibali vya aina hii huhitaji uthibitisho wa daktari, basi viombwe mapema. Mazoezi ya shabaha yafanyike katika kiti kilekile kitakachotumiwa, breki zikiwa zimefungwa, kwa kuwa teke la bunduki kubwa huweza kukisukuma kiti. Risasi haiingizwi hadi kiti kitulie.

Uamuzi wa kupiga au kuacha ni wa mwindaji. Msaidizi ana neno moja tu lisilobishaniwa, nalo ni “acha,” pale anapoona hatari. Zaidi ya hapo, msaidizi anayeshika bunduki, anayelenga na anayeharakisha amejiwindia mwenyewe.

Mnyama akishapigwa, kundi la wafuatiliaji liwe limeshapangwa, maana aliyejeruhiwa hawezi kuachwa porini. Mimi huwaagiza wasimpasue mnyama kabla mwindaji hajafikishwa alipoanguka, ikiwa njia inapitika; isipopitika, anavutwa hadi pale kiti kinapoweza kufika, na mwindaji ndiye anayeamua nyama itagawanywa vipi.