Vyanzo kwanza: jinsi wasifu wa kwanza unavyopita Wikipedia

Kila baada ya warsha ya uhariri hapa Dar es Salaam napokea ujumbe wa aina ileile: "Makala yangu imekataliwa, na huyu mtu anajulikana nchi nzima." Anayeniandikia huwa ameumia kweli, kwa sababu wasifu wa kwanza watu humwandika mtu wanayemheshimu: mwalimu aliyewasomesha, kocha aliyetoa wachezaji wa timu ya taifa, msanii wa zamani ambaye nyimbo zake bado zinapigwa harusini. Kabla sijaifungua rasimu huwa nauliza jambo moja. Nani wengine wameshamwandika mtu huyu, na wamemwandika wapi?

Jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu. Mhakiki wa Wikipedia hapimi ukubwa wa mtu, wala hana namna ya kuupima. Ni mfanyakazi wa kujitolea, pengine yuko Warsaw au Manila, hajawahi kufika Temeke na hamjui mwalimu wako. Anachoweza kupima ni maandishi uliyoyaweka kwenye tanbihi. Ukilielewa hilo tangu mwanzo, utafanya kazi kwa mpangilio mwingine kabisa: utakusanya vyanzo kwanza, kisha utaandika yale tu ambayo vyanzo hivyo vinayabeba.

Mfano ninaoutumia sana ni wa Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada. Mwaka 1985, akiwa mwanafunzi wa Gérard Mourou katika Chuo Kikuu cha Rochester, walichapisha njia ya kutengeneza mapigo mafupi na makali sana ya leza, na njia hiyo leo inatumika hata katika upasuaji wa macho. Mwezi Mei 2018 mtu aliwasilisha rasimu ya wasifu wake kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Ikakataliwa, mhakiki alieleza kwamba marejeo hayakuonyesha kuwa mama huyu ameandikwa kwa kina na vyanzo huru. Tarehe 2 Oktoba 2018 Strickland akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Mourou na Arthur Ashkin, mwanamke wa tatu kuipata baada ya Marie Curie mwaka 1903 na Maria Goeppert Mayer mwaka 1963. Makala yake ilipanda siku hiyohiyo.

Wengi huisimulia habari hii kama ushahidi kwamba Wikipedia ina upendeleo, na upendeleo upo: wasifu wa wanawake ni takriban mmoja kati ya kila tano kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Lakini mhariri mgeni anahitaji kuingia ndani zaidi ya hapo. Wikipedia ya Kiingereza ina vigezo vya pekee kwa wanataaluma, na kimojawapo ni kuchaguliwa kuongoza chama kikubwa cha kitaaluma. Strickland alikuwa rais wa chama cha wanasayansi wa mwanga cha Marekani mwaka 2013. Kwa kigezo hicho peke yake alistahili makala miaka mitano kabla ya Nobel. Mimi naona ule uamuzi wa Mei haukuwa sahihi. Ndiyo maana nawasihi wageni wasimwachie mhakiki kazi ya kutafuta: kwenye ukurasa wa majadiliano wa rasimu yako, andika kigezo gani mtu wako anakitimiza na tanbihi ipi inathibitisha. Mhakiki ana foleni ndefu. Mstari huo mmoja unamwonyesha pa kuangalia.

Sasa, chanzo kizuri ni kipi? Wikipedia hutaka mambo matatu yakutane katika chanzo kimoja: kiwe huru, kiwe cha kuaminika, na kimzungumzie mtu kwa kina. Ukurasa wa mwajiri wake unaweza kuwa wa kina na wa kweli, ila si huru. Taarifa ya gazeti inayomtaja katika orodha ya wageni waalikwa ni huru, ila haina kina. Akaunti yake ya Instagram haina uhuru wala uthibitisho. Mahojiano ndiyo yanayowachanganya wengi, maana magazeti yetu yanayapenda mno. Ikiwa mwandishi ameuliza maswali na kunakili majibu, hayo ni maneno ya mhusika mwenyewe na hayamsaidii kustahili. Ikiwa mwandishi amechimba, akazungumza na wengine, akaeleza kwa sauti yake, hapo una chanzo. Vivyo hivyo tangazo la msiba ambalo familia imelilipia ni tofauti na taazia iliyoandikwa na mwanahabari baada ya kutafiti maisha ya marehemu. Yote mawili yanaweza kuwa kwenye gazeti moja, ukurasa mmoja.

Kwetu Afrika Mashariki kuna ugumu ambao mhariri wa Ulaya haujui. Watu walioijenga nchi hii miaka ya 1960 na 1970 hawamo kwenye intaneti. Wamo kwenye karatasi. Wageni wengi wakishatafuta Google na kukosa wanakata tamaa, na mimi nataka niseme hili kwa nguvu zote: Wikipedia haidai chanzo kiwe na kiungo. Gazeti la karatasi linakubalika, kitabu kilichokwisha madukani kinakubalika. Nenda Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mkusanyiko wa East Africana. Kama unamwandika Mzanzibari, nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Omba matoleo ya magazeti ya Uhuru na Mzalendo. Kwa watu wa zamani zaidi kuna Mambo Leo, lililoanza 1923. Andika jina la gazeti, tarehe, ukurasa, kichwa cha habari na jina la mwandishi kama lipo. Ukiruhusiwa, upige picha ukurasa huo na uuhifadhi kwenye simu yako, si kwa ajili ya kuupakia mtandaoni, bali ili mtu akikuuliza uweze kujibu.

Pima pia uhuru wa gazeti kwa habari husika. Uhuru lilikuwa gazeti la chama tawala. Kwa wasifu wa waziri wa chama hicho siwezi kulitegemea peke yake. Kwa wasifu wa mwanamuziki wa dansi au mchezaji mpira, sioni tatizo.

Na Kiswahili si kikwazo. Ukiandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza unaruhusiwa kutumia vyanzo vya Kiswahili, iwe Mwananchi, Nipashe au Taifa Leo. Kigezo cha tanbihi, yaani fomu ya kujazia maelezo ya chanzo, kina nafasi ya kuweka tafsiri ya kichwa cha habari, tena kuna nafasi ya kunukuu sentensi muhimu. Zitumie zote mbili. Mhakiki asiyejua Kiswahili ataona angalau kilichosemwa.

Tukija kwenye uandishi wenyewe, tuseme mgeni anamwandika Bi Kidude na kuanza hivi: "Bi Kidude, malkia asiye na mfano wa taarab, alizaliwa mwaka 1910 na alipendwa na kila mtu duniani. Inasemekana alifundishwa na Siti binti Saad." Mtu wa Zanzibar atasoma na kutabasamu kwa mapenzi. Mhakiki ataona mambo manne ya kusimamisha. "Asiye na mfano" ni sifa ya mwandishi. "Kila mtu duniani" hakuna anayeweza kuithibitisha. Mwaka 1910 umetajwa kama jambo lisilo na shaka, wakati kuzaliwa kwake hakukuandikwa popote na yeye mwenyewe alieleza tu kwamba ilikuwa enzi za rupia, fedha ya zamani. Na "inasemekana": na nani?

Mimi ningeanza hivi: "Fatuma binti Baraka, anayejulikana kama Bi Kidude (alifariki 17 Aprili 2013), alikuwa mwimbaji wa taarab na ngoma za unyago kutoka Zanzibar. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX." Kila kipande kina tanbihi yake. Suala la mwaka wa kuzaliwa linapata sentensi yake chini, likieleza kwamba vyanzo vinatofautiana na nani kasema nini. Habari ya Siti binti Saad inawekwa ikiwa kuna mtafiti aliyeiandika, na jina la mtafiti linatajwa ndani ya sentensi. Makala inakuwa fupi zaidi, na heshima ya Bi Kidude imebaki palepale, kwa sababu sasa msomaji anaweza kuamini kila neno.

Kwa walio hai masharti ni makali zaidi, na kwa haki. Mwaka 2005 mtu asiyejitaja jina aliandika kwenye Wikipedia kwamba John Seigenthaler, mwanahabari wa Marekani aliyewahi kuwa msaidizi wa Robert Kennedy, alishukiwa kuhusika na mauaji ya huyo Robert na ya kaka yake John Kennedy. Uongo huo ulikaa miezi kama minne. Tangu hapo, jambo lolote baya au la faragha kuhusu mtu aliye hai likikosa chanzo huondolewa papo hapo. Usiweke majina ya watoto wake, usiweke anapoishi.

Mengine nayapitia haraka. Usinakili wasifu kutoka tovuti nyingine, hata ukibadilisha maneno mawili matatu. Ukurasa wa awali wa Strickland ulifutwa mwaka 2014 kwa sababu ya hakimiliki. Picha ni mali ya aliyeipiga, si ya aliyepigwa, kwa hiyo ruhusa ya mhusika haitoshi. Kama unamwandika ndugu, bosi au wewe mwenyewe, acha mwingine aandike. Kama unalipwa, masharti ya matumizi yanakulazimisha kutangaza hivyo.

Wikipedia ya Kiingereza inataka akaunti yenye siku nne na marekebisho kumi kabla hujaanzisha makala moja kwa moja. Hata ukishafikisha, pita kwenye njia ya rasimu. Kwenye Wikipedia ya Kiswahili jumuiya ni ndogo. Makala huingia moja kwa moja, kisha mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia hiyo, au mhariri mzoefu huipitia, na ukimwandikia kwa adabu atakusaidia. Usidhani udogo huo unaondoa haja ya vyanzo.

Rasimu ikirudishwa, soma maelezo ya mhakiki neno kwa neno. Rasimu nyingi hurudishwa zikiwa na nafasi ya kurekebishwa na kuwasilishwa tena, na isipoguswa miezi sita inaweza kufutwa. Ongeza vyanzo, usiongeze sifa. Mwandikie mhakiki ni tanbihi zipi mpya umeweka. Ikishapita, iweke kwenye orodha yako ya maangalizi, ambayo hukuonyesha mabadiliko ya makala unazozifuatilia, na uiunganishe na makala nyingine zinazomtaja mtu huyo. Ukiona mtu kabadilisha mwaka bila chanzo, rudisha ulivyokuwa, kisha umwandikie kwenye ukurasa wake wa majadiliano ukimwomba akuonyeshe alikoutoa.