Kwa nini tunapima vitanda vya wodini

Tangu tuanze kuchukua sampuli kwenye vitanda na vitasa vya wodi zetu hapa Malindi, malalamiko hayakatiki. Jamaa wanauliza kwa nini mgonjwa wao ahamishwe kutoka kitanda kinachong'aa, na wapo wanaoeneza kwamba kile kijiti chenye pamba kinampima mgonjwa kwa siri. Si kweli. Kinachopimwa ni kitanda.

Tena usafi wa wodi haujulikani kwa pua. Harufu ya jiki inaonyesha tu kwamba jiki imemwagwa. Ikimwagwa juu ya damu au usaha usiooshwa kwanza kwa maji na sabuni, uchafu huo huimaliza nguvu na vijidudu hubaki. Bakteria aina ya asinetobakta huweza kuishi miezi kadhaa mahali pakavu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya kila 100 wanaolazwa hupata angalau ambukizo moja hukohuko hospitalini.

Hatupimi kila kitu kila siku. Wagonjwa wa wodi moja wakianza kupata kijidudu kilekile, ndipo tunapoingia. Pamba hulowanishwa kwa maji maalumu yenye thiosulfeti, ya kuua nguvu ya klorini. Bila hivyo, mabaki ya jiki yangeua vijidudu njiani na maabara ingetuandikia kuwa kitanda ni safi. Tunapangusa eneo la sentimita 10 kwa 10: kwanza kwa mlalo, kisha kwa wima, kisha kwa mshazari, huku kijiti kikizungushwa. Maabara huotesha sampuli kwa saa 24 hadi 48. Kwa hiyo kutuuliza majibu jioni ileile hakusaidii.

Kitanda kikikutwa na vijidudu hivyo, hakipewi mgonjwa mwingine mpaka kisafishwe upya, kipimwe upya, na fomu isainiwe na msimamizi wa wodi pamoja na afisa wa kudhibiti maambukizi. Sahihi moja haitoshi.

Kumjulia hali mgonjwa ni ada yetu, na hakuna anayeikataza. Lakini jamani, kitanda cha mgonjwa si kiti! Watu watano wamekikalia, mahamri yametandazwa juu ya shuka, mtoto anang'ang'ania reli kisha anatia vidole mdomoni. Anayekalia kitanda huonywa mara ya kwanza. Mara ya pili hutolewa wodini na jina lake huandikwa kwenye daftari la mlinzi. Mara ya tatu haingii tena mpaka mgonjwa wake aruhusiwe kwenda nyumbani.

Nawa mikono unapoingia. Unapotoka nawa tena, hata kama hukumgusa mgonjwa, maana kabati lake na stendi ya dripu umevishika.