Rambirambi si bahasha tu

Msiba ukitokea, mtu akishatuma elfu kumi kwa simu hujiona amemaliza: "Rambirambi nimetoa." Wengi wamezoea kudhani rambirambi ni mchango wa fedha. Si hivyo tu. Rambirambi ni pia maneno ya kumfariji mfiwa, ndiyo maana husemwa "salamu za rambirambi". Matumizi ya fedha yapo, hasa Tanzania; Pwani fedha hizo huitwa ubani. Asiye na senti akaja akamshika mfiwa mkono na kusema "pole kwa msiba", ametoa rambirambi kamili.

Kosa jingine, na hili huniudhi zaidi, ni kuandika "natoa rambirambi kwa marehemu". Marehemu hafarijiwi. Anaombewa: Mungu amlaze mahali pema. Rambirambi ni za wafiwa: mjane, watoto, ndugu, hata wafanyakazi wenzake.

Wapo pia wanaochanganya na tanzia. Tanzia ni tangazo la kifo, lile lenye jina, siku ya maziko na mahali msiba ulipo. Familia hutoa tanzia. Wewe unajibu kwa rambirambi, au taazia, neno tulilolipata kwenye Kiarabu.